Mwaka Niliochagua Kemia

Wiki iliyopita, kazini kwetu, mtu alitia siki ndani ya birika ili kuondoa chokaa iliyoganda chini. Harufu ile kali ilipofika kwenye meza yangu wenzangu walifungua madirisha na kulalamika. Mimi nilitulia, nikaivuta kama mtu anayenusa udi. Kwa dakika kadhaa sikuwa tena mwanamke mtu mzima mwenye funguo za ofisi shingoni. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nne, mwembamba, macho yana umanjano kidogo, nimesimama katika jiko la nyumba yetu Ibra, mji wa ndani katika nchi ya Waarabu, natazama povu likipanda ndani ya birika la Bibi.

"Mama," niliuliza, "mbona linachemka na moto haujawashwa?"

Maji ya Ibra ni mazito. Kila baada ya wiki chache birika lilishika ganda jeupe, na Bibi akalimiminia siki na kuliacha lilie peke yake. Nilikuwa nimeliona jambo lile tangu mdogo, lakini siku hiyo ndiyo niliyoliuliza. Mama alilitazama birika, akanitazama na mimi. Kabla ya kuacha kazi alikuwa mwalimu wa hesabu, na katika maisha yangu yote hakuwahi kukosa jibu. Safari hii akasema, "Sijui, mwanangu. Hiyo ni kemia."

Neno lile likanikaa kama jina la mtu ambaye wakubwa wote wanamjua, ila hakuna aliyewahi kunikutanisha naye.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa jikoni saa nne asubuhi, siku ya skuli. Nilizaliwa na selimundu. Chembe za damu yangu, badala ya kuwa duara, hupinda kama mundu wa kukatia majani. Zikifika mahali pembamba hukwama, na zikikwama ndipo maumivu yanapoanza, mara kwenye mapaja, mara mgongoni, mara kifuani. Nyumbani hatukuyaita maumivu. Bibi alishayapa jina lake zamani: mgeni. "Mgeni kaja?" angeniuliza akiniona nimeegemea ukuta, na mimi ningejibu, "Kaja, Bibi," au, "Yuko mlangoni." Nilipokuwa darasa la tano mgeni alikuja mara nyingi mno, mpaka siku nilizolala hospitali zikazidi zile nilizokaa darasani. Mama akaandika barua ya kuacha kazi. Akaondoa kabati la vyombo vya wageni sebuleni, akaweka meza na kiti, na asubuhi iliyofuata akatoka chumbani kwake amevaa nguo za kazi na viatu vya kazi.

"Ndani ya chumba hiki," alisema, "mpaka adhuhuri, mimi si mama yako. Mimi ni mwalimu wako."

Nilimwamini kabisa. Nilipopata nafasi nikakimbilia jikoni kumwuliza Bibi nani basi atakuwa mama yangu mpaka adhuhuri. Bibi alicheka hata akashika meza. Naileta habari hii ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani: nikisikia neno nalishika kama lilivyo, na silipeleki kwa mwenyewe kumwuliza maana yake.

Tulisoma hivyo miaka minne, kwa mtaala wa skuli ya mbali iliyofundisha kwa mtandao. Kisha ikaja orodha ya masomo ya sekondari. Mama aliichapisha, akaibandika ukutani juu ya meza. Hesabu na lugha zilikuwa za lazima. Kwa sayansi, mwanafunzi achague somo moja, alisome miaka miwili, afanye mtihani. Yalikuwepo manne: biolojia, kemia, fizikia, na sayansi ya jumla. Matatu ya kwanza yalikuwa na kinyota kidogo pembeni. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kinyota kile kilielezwa: somo hili linataka maabara na mtihani wa vitendo. Chini yake mstari mwingine, mdogo zaidi, ulisema kwamba atakayechukua sayansi ya jumla hataendelea na sayansi yoyote katika ngazi ya juu.

Niliusoma mstari ule mara nyingi. Sidhani kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyeusoma.

Kila mtu alikuwa na lake. Bibi alitaka biolojia. "Asome udaktari, ajitibu mwenyewe, na sisi tuache kukaa vitini huko hospitali." Baba hakutaka kinyota cha aina yoyote. Alifanya kazi katika kitengo cha barabara cha baladia, yaani halmashauri ya mji, mtu wa ramani na vipimo, na alikuwa na tabia ya kumaliza mazungumzo kwa kuweka kiganja juu ya meza. "Sayansi ya jumla inatosha. Ni sayansi pia. Inaitwa jumla kwa sababu ina kila kitu ndani yake." Akaweka kiganja mezani. Mama aliendelea kupakua wali.

"Mimi nataka kemia," nilisema.

"Ati kemia ndo nini?" Bibi akauliza.

"Ndiyo inayochemsha birika lako bila moto."

"Basi mimi naisoma tangu nyumbani Unguja," alisema Bibi, "na shahada sijaiona."

Tulicheka wote, Baba pia, na jambo likapita. Mimi nikadhani tumeliacha pale tu mpaka kesho.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, nilitoka chumbani kwenda kuchukua maji. Nilitakiwa kunywa maji mengi, na nilitembea na chupa yangu kama watoto wengine wanavyotembea na simu. Mama alikuwa sebuleni, amenipa mgongo, anazungumza kwenye simu na dada yake aliyeko Sur, huyo niliyemwita Khalati. Nilikuwa na miguu mitupu, sikusikika.

"Hatafika, dada," Mama alikuwa akisema. "Nakwambia hatafika. Daktari kanambia, na mimi nayaona kwa macho yangu. Ya nini nimpe moyo bure? Bora achukue kile chepesi, asichoke." Akanyamaza kusikiliza. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akasema, "Mwenyewe hajui. Sijui hata nimwambie vipi."

Nilirudi chumbani bila maji. Nikakaa kitandani.

Hatafika. Nililigeuza neno lile pande zote, na pande zote lilikuwa na maana moja. Hospitali nilishawajua watoto wawili wenye ugonjwa kama wangu ambao siku moja vitanda vyao vilitandikwa mashuka mapya, na nilipouliza wamekwenda wapi wauguzi waliniambia nile chakula changu. Kwa hiyo haikuwa habari mpya kabisa. Kilichoniuma ni kwamba Mama anajua, Khalati wa Sur anajua, daktari anajua, na mimi mwenye safari sikuambiwa.

Sikulia. Mpaka leo najishangaa. Nilikasirika, na ndani ya hasira ile nikafikiri kwa utulivu ambao sijawahi kuupata tena. Nilijiambia hivi: kama sitafika, basi nina muda mchache. Mwenye muda mchache hatakiwi kupewa kitu chepesi. Chepesi wapewe wenye miaka themanini mbele yao. Mimi nipewe kile chenyewe, kile kizito, nikishike hata kidogo. Na kama kuna elimu inayoeleza kwa nini kitu hiki kikikutana na kile hubadilika kikawa kitu cha tatu, basi hiyo ndiyo elimu ya damu yangu, na naitaka kabla sijaondoka.

Asubuhi nilimwambia Mama mwalimu, si Mama mama, "Nimechagua kemia. Sibadilishi."

"Kemia inataka maabara," alisema. "Sisi hatuna."

"Nikiipata?"

Alifunga kitabu. "Ukiipata tutazungumza."

Alidhani amefunga mlango. Mimi nilisikia ameuacha wazi.

Mama alikuwa na daftari kuukuu la namba za simu za walimu aliowahi kufanya nao kazi. Nililichukua kwenye mtoto wa meza wakati wa mapumziko, nikajifungia na simu ya nyumbani. Kwanza nilipiga skuli moja ya Ibra. Mwanamke aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniambia hawawezi kumwingiza maabara mwanafunzi asiye wao; akitokewa na jambo, nani atajibu? Nikapiga Sur, kwa mwalimu mmoja ambaye jina lake Mama alilipigia mstari. Huyo alikuwa keshastaafu, na maabara aliyoijua ilikuwa imegeuzwa stoo. Namba ya tatu ilikuwa ya Nizwa. Pembeni yake Mama alikuwa ameandika: *Bi Zamzam, kemia, mkali.*

Aliitika kwa Kiarabu. Nilieleza shida yangu kwa Kiarabu changu cha heshima, na nilipotulia kupumua akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la Mama. "Shikamoo, Mwalimu," nikaongeza, kwa kuchelewa.

"Marahaba. Mama yako wazee wake wa Wete. Mimi wa Chake." Alisema kana kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito katika shauri letu. "Sasa, niulize swali moja la kemia."

Nilidhani yeye ndiye atakayeniuliza mimi. Nilikuwa nimejitayarisha, nilikariri majina ya elementi ishirini. Swali sikuwa nalo ila lile moja. Nikamwuliza kwa nini siki inachemsha chokaa bila moto.

Nilisikia akivuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Kwa nini unasema inachemka? Umeshika birika ukaona ni la moto?"

Nikafikiri. "La. Lilikuwa baridi."

"Basi haichemki. Umeona povu ukadhani mchemko. Ndani ya povu mna nini?"

"Sijui."

"Vizuri. Hapo ndipo tutakapoanza. Mimi nafundisha kwenye chuo kidogo hapa, na Jumamosi maabara iko wazi kwa wanafunzi wangu. Nitazungumza na mkubwa wangu. Njoo Jumamosi saa tatu, na mzazi wako aje na vyeti vya hospitali. Usinifiche ugonjwa wako. Nitakupa kiti."

Niliweka simu chini, nikafungua mlango. Nilimwambia Mama saa ile ile. Alikaa chini. Nilitarajia atafurahi au atagomba, akauliza tu, "Nizwa?" kama aliyeambiwa mwezini.

Jioni Baba aliweka kiganja mezani kabla hata hatujaanza kula. Ibra mpaka Nizwa, kwa njia ya Sinaw, ni masaa mawili kwenda na mawili kurudi. Aliijua njia ile kwa kilomita zake, mashimo yake na mahali upepo unapomwaga mchanga. Alinihesabia vitu vinavyomwita mgeni: kukaa sana, kiyoyozi, kiu, uchovu. Kila alichokitaja kilikuwa kweli.

"Navijua," nilisema. "Nitavaa soksi. Nitakunywa maji. Tutasimama."

"Na kila Jumamosi, miaka miwili?"

"Kama ipo miaka miwili," nilisema.

Hakuna aliyelielewa neno lile. Bibi ndiye aliyenitazama kwa jicho la pembeni. Halafu akamgeukia mwanawe. "Wewe, kila Jumamosi unalala mpaka jua la utosi. Mpeleke mtoto mara moja. Akishindwa, kashindwa mwenyewe, si wewe uliyemshinda."

Baba aliondoa kiganja mezani. "Jumamosi moja," alisema mwishoni. "Mgeni akija njiani, tunachukua ile ya jumla, na hutoniuliza tena. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," nilisema.

Tuliondoka baada ya jua kuchomoza. Mama alinifunga kwa blanketi kama mtoto mchanga, akanipa chupa tatu za maji, dawa, mto wa mgongo na mfuko wa mpira wa maji ya moto. Alituaga mlangoni, hakuja; alisema ana kazi. Nilijua anaogopa kuona.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Barabara ilinyooka katikati ya uwanda mweupe, miti ya ghafu imesimama mmoja mmoja, mbuzi wamejikusanya chini yake. Baba alizima kiyoyozi kwa ajili yangu, na mashavu yake yakang'aa kwa jasho, lakini hakufungua dirisha. Tulisimama mara mbili nikanyoosha miguu. Karibu na Sinaw nikahisi kitu kwenye paja la kushoto, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Nikanywa maji. Nikaimba moyoni. Nikahesabu nguzo za umeme. Kidole kikawa ngumi.

"Mbona umenyamaza?" Baba aliuliza.

"Natazama nje."

"Unatazama nje na macho umeyafumba." Akapunguza mwendo. "Mgeni kaja?"

Ningeweza kusema la. Nilikwisha kufungua mdomo niseme la. Lakini nilikuwa sijawahi kudanganya juu ya mgeni. Ilikuwa sheria ya nyumba, kwani uongo wa aina hiyo ungeweza kuniua kweli. "Kaja," nilisema, na hapo machozi yaliyokataa kutoka siku nyingi yakatoka yote kwa pamoja.

Baba alitoka barabarani, akasimamisha gari pembeni ya duka la chai mwanzo wa mji. Akazima injini. "Basi, mwanangu. Khalas. Turudi tu. Umejaribu."

"Sitaki kurudi! Sina wakati wa kurudi!" Nilikuwa nikipiga kelele, mimi niliyelelewa kutompandishia Baba sauti. "Nyinyi nyote mnajua kuwa sitafika! Mama kasema, daktari kasema, na Khalati anajua. Mnataka nisome kitu chepesi kwa sababu nitakufa. Mimi sitaki chepesi. Kama nitakufa nataka kemia."

Baba aligeuka kwenye kiti chake. Sijasahau uso wake. "Nani kasema utakufa?"

Nikamweleza yote: miguu mitupu, simu, *hatafika, dada, nakwambia hatafika.*

Alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Nizwa," alisema. "Mama yako alikuwa anasema hutafika Nizwa. Khalati wako alikuwa na habari kwamba Nizwa kuna maabara ya Jumamosi. Ndiye aliyetuambia mwanzo. Mama yako akamwambia, kama daktari alivyomwonya, mtoto huyu safari hii hataiweza, na tukakuficha ili usije ukaitamani." Akasita. "Tulikuficha Nizwa. Hatukukuficha kifo."

Nilibaki nimemkodolea macho. Siku zote zile nilikuwa nimejizika mwenyewe, nikijiuliza nani atachukua kitanda changu, na kumbe shida yote ilikuwa mji ulioko saa moja mbele yetu.

"Kwa hiyo nitafika?" niliuliza. "Si Nizwa. Nitafika... ukubwani?"

Baba hakukimbilia kusema ndiyo. Ninamshukuru kwa hilo kuliko mengi aliyonifanyia. "Mwenye kujua ni Mwenyezi Mungu," alisema. "Daktari anasema ukijitunza, wapo wengi wenye ugonjwa kama wako wana wajukuu. Mimi napanga barabara na sijui nani atazipita. Lakini nazipanga."

Akampigia Mama, akaweka simu kwenye sauti ya juu. Alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili tulisikia kitu kikianguka, halafu Mama akilia, halafu akipenga pua. Mama hakuwa mtu wa kulia kwa muda mrefu.

"Nisikilize," alisema. "Mgeni ni ngapi?"

Hospitali tulizoea kuyapima maumivu kwa kumi. Nilitamani kusema tatu. "Tano," nilisema.

Baba akanitazama. Mapatano yalikuwa wazi, na sote watatu tuliyajua.

"Mpe dawa," Mama alimwambia Baba, kwa sauti yake ya mwalimu. "Jaza ule mfuko maji ya moto hapo dukani, auweke pajani. Anywe chupa nzima. Kaeni hapo nusu saa. Ikipanda sita, nendeni hospitali, hakuna mazungumzo. Ikishuka..." Alivuta pumzi. "Ikishuka, nendeni Nizwa."

"Tulikubaliana mgeni akija—" Baba alianza.

"Mlikubaliana nyinyi wawili. Mimi sikuwemo. Mtoto kasema tano akijua tano inamgharimu nini. Mimi mtoto huyu simchagulii chepesi."

Tulikaa pale nusu saa. Mwenye duka alitujazia mfuko, akatuletea chai ya maziwa ambayo hatukuagiza. Baba alitazama saa yake na mimi nikatazama paja langu. Dakika kumi: tano. Dakika ishirini: tano bado, na Baba akashika ufunguo wa gari. Dakika ishirini na nane nilisema, "Nne." Akaniangalia usoni kama anayesoma hati ndogo. Tukasubiri tena. "Tatu na nusu," nilisema, na akawasha gari kuelekea milimani.

Tulifika tumechelewa karibu saa nzima. Bi Zamzam alikuwa mfupi, miwani imeshikwa na kamba, mtandio umefungwa nyuma kama wa mpishi. Wanafunzi wake walikuwa wakimaliza. Baba alianza kuomba radhi kwa Kiarabu kirefu, yeye akamkatiza. "Kaa pale. Hapa ndani baba hana kazi." Mimi akanivalisha koti jeupe lililonifika vifundoni na akanionyesha kiti kirefu alichokiweka mbele ya meza. Wengine walifanya kazi wamesimama. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi nimekaa.

Siku ile, baada ya kunieleza kwamba ndani ya povu la birika mna hewa ya kaboni, alinipa gilasi ya asidi, na bomba refu lenye bilula ndogo chini, limejaa maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni, yasiyo na rangi. Alidondoshea kwenye asidi matone mawili ya dawa ya kiashiria, nayo haikubadilika. "Fungua bilula. Tone kwa tone. Ukiona rangi, funga. Usiandike unachokitarajia, andika unachokiona."

Nilidondosha tone baada ya tone. Hakuna kitu. Mgongo ulianza kuuma kwa kuinama, na huyo hakuwa mgeni, ilikuwa kazi. Tone moja likageuza pale lilipoangukia, rangi ikazuka na kutoweka. Nikabana bilula zaidi. Tone jingine. Na kwa tone lililofuata gilasi nzima ikawa waridi, waridi ile nyepesi ya ulimi wa paka, ikabaki. Niligeuka kumtafuta Baba. Alikuwa amesimama mlangoni, kinyume na alivyoamriwa, na mdomo uko wazi.

"Nani kaitia rangi?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

Njiani kurudi alifungua kiyoyozi kidogo, kwa ruhusa yangu, na akauliza maswali mpaka Sinaw. Nilipitiwa na usingizi katikati ya jibu.

Siwezi kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda kama maji. Jumamosi nyingi hatukwenda. Ziko tulizogeuza njiani, na iko moja tuliyoishia hospitali ya Nizwa kwa siku nne, Bi Zamzam akija jioni na daftari, akinifundisha kusawazisha milinganyo ya kemia huku sindano ya maji iko mkononi mwangu. Mama alisoma kemia usiku ili anifundishe mchana, akafika mbali kuliko mimi, na akawa anagombana na kitabu kwa sauti. Khalati akatuma kutoka Sur soksi za sufu za kutosha kuvisha kijiji kizima. Baba ndiye aliyenishangaza. Alikariri elementi zote kwa ajili ya zile safari, akazipa majina ya watu wa ofisini kwake: huyu hachanganyiki na mtu, yule anawaka akiguswa na maji.

Mtihani wa vitendo niliufanya nimekaa, mgeni akiwa mbili katika kumi, nikasoma kipimo mara tatu kabla sijaandika. Matokeo yalikuja asubuhi moja Mama akiwa anafundisha. Alama yangu haikuwa ya juu kabisa. Ilikuwa ya pili kutoka juu, na ilitosha kunipeleka ngazi ya juu, ule mstari wa herufi ndogo usinihusu tena. Bibi alipeleka halua kwa majirani akiwaambia mjukuu wake amefaulu dawa, na nilipomsahihisha akasema dawa na kemia ni ndugu, nisimwaibishe mbele za watu.

Wiki ile ile ikaja orodha ya ngazi ya juu. Safari hii Mama hakuibandika ukutani. Aliiweka mbele yangu sebuleni, wote watatu wamenizunguka. Sayansi zilikuwa tatu, kila moja na kinyota chake, na mwanafunzi aliruhusiwa kuchukua moja, mbili au zote. Chini palikuwa na onyo kwamba anayechukua zote atahitaji siku mbili za maabara kwa wiki.

Niliweka alama kwenye kemia. Nikaweka kwenye biolojia. Bibi akapiga kigelegele. Nikaweka kwenye fizikia.

Mama alizihesabu alama kwa kidole. Baba aliivuta karatasi, akasoma mpaka kwenye herufi ndogo kabisa, akairudisha mezani taratibu. Kisha akainuka, akatafuta viatu vyake, akaenda kutia petroli.